Mwezi Uliochomoza Rio

Kila gemu ina watu wawili ndani yake. Wa kwanza ni fundi wa injini: anapiga hesabu za mwanga, anajua gari likigonga ukuta liruke vipi, anaibana mashine mpaka picha zisikwame. Wa pili ni mwenye hadithi. Huyu anasema mlinzi anaogopa mbwa, mlango haufunguki bila ufunguo, adui akibaki na afya chini ya 20 atoroke. Swali ambalo limesumbua watengenezaji gemu miaka yote ni hili: huyu wa pili aongee na mashine kwa lugha gani?

Mwanzoni hakuwa na lugha yake. Sheria za hadithi ziliandikwa palepale kwenye injini, kwa lugha ya mashine au karibu nayo, na ukitaka kubadilisha sentensi moja ya mlinzi ulimfuata fundi. Mwaka 1987, Lucasfilm Games ya California ilikuwa inatengeneza Maniac Mansion kwa ajili ya kompyuta ya Commodore 64. Ron Gilbert na wenzake wakatengeneza SCUMM, herufi za kwanza za jina refu linalomaanisha kifaa cha kutungia skripti za gemu hiyo. Wazo lenyewe ni rahisi. Hadithi inaandikwa kwa lugha iliyo karibu na binadamu, na injini inaisoma na kuitii. Ukihamia kompyuta nyingine unaandika injini upya, lakini hadithi inakwenda ilivyo. Studio hiyo ilikula kwa SCUMM karibu miaka kumi.

Ikishakuwa wazi kwamba hadithi inaweza kutenganishwa na injini, wageni nao hubisha hodi. Mwaka 1996 id Software ilitoa Quake pamoja na QuakeC, lugha iliyoendesha silaha, maadui na sheria za gemu hiyo. Vijana watatu wa Australia wakaichukua, wakatengeneza Team Fortress, gemu ya timu ambayo waliotengeneza Quake hawakuwa wameiwaza. Miaka miwili baadaye kampuni ya Valve ikawaajiri. Injini haikuwa yao. Walipewa tu lugha ya kuongea nayo.

Lakini lugha iliyokuja kutawala uwanja huu haikutoka California. Ilitoka Rio de Janeiro, na ilizaliwa kwa ajili ya mafuta.

Kuanzia 1977 hadi 1992, Brazil ilikuwa na sera ya kulinda soko lake la kompyuta. Taifa liliamini linaweza, na linapaswa, kujitengenezea mashine na programu zake. Kuagiza kutoka nje ilikuwa ghali na ilikuwa kesi ya kisiasa. Kwa hiyo Petrobras, kampuni ya mafuta ya taifa, ilipohitaji programu, iligeukia Tecgraf, kikundi cha utafiti katika chuo kikuu cha PUC-Rio. Tecgraf walibuni lugha mbili ndogo: DEL, ya fomu za kuingizia data, na SOL, ya ripoti za tabaka za miamba. Mwaka 1993 Roberto Ierusalimschy, Luiz Henrique de Figueiredo na Waldemar Celes waliamua kuziacha zote mbili na kujenga moja. Kwa Kireno, *sol* ni jua. Rafiki yao akapendekeza mpya iitwe Lua, mwezi.

Angalia walivyoibuni, maana hapo ndipo siri ilipo. Watumiaji wake walikuwa wahandisi wa mafuta, si watu wa programu, kwa hiyo lugha ilibidi isomeke bila kuogopesha. Wateja walikuwa na kompyuta za kila aina, kwa hiyo ilibidi iwe nyepesi na ikubali popote. Na haikukusudiwa kusimama peke yake. Ilikaa ndani ya programu kubwa, ikipokea amri za mtu na kuzipeleka kwa injini. Sasa toa neno "mhandisi wa mafuta", weka "mwenye hadithi". Bila kujua, walikuwa wametengeneza lugha ya gemu.

Leseni ya kwanza ilisema wasomi watumie bure, wafanyabiashara waje tuongee. Hakuna mfanyabiashara aliyekuja. Mwaka 1995, na toleo la 2.1, wakaifungua kwa kila mtu. Mwaka 1996 wakaandika makala kuihusu katika jarida la Marekani la Dr. Dobb's, na Januari 1997 barua pepe ikaingia kutoka kwa Bret Mogilner wa LucasArts. Ndiyo, ni Lucasfilm Games ileile, chini ya jina jipya. Alikuwa amesoma makala, na alitaka kuistaafisha SCUMM aweke Lua mahali pake. Grim Fandango, hadithi ya wakala wa safari katika nchi ya wafu, ilitoka 1998 ikiendeshwa na Lua. Mwaka 2000, Escape from Monkey Island ikawa na baa inayoitwa Lua Bar. Watu wa gemu wakaanza kuambiana. World of Warcraft ikaja nayo 2004, Roblox 2006.

Nimeacha chuo, kwa hiyo ninavutiwa na lugha iliyobuniwa kwa kumfikiria mtu asiye na cheti cha programu. Lakini tusijidanganye. Mtoto wa Nairobi anayetengeneza gemu kwenye Roblox leo anaandika kwa tawi la lugha ya Rio, ila injini, duka na hesabu za pesa ziko mikononi mwa kampuni ya Marekani. Skripti ilifungua mlango wa sebule. Chumba cha injini bado kina wenyewe. Hata sera ya Brazil haikuzaa viwanda vilivyoota ndoto hiyo. Ilichozaa ni watu watatu waliokuwa na shida ya kweli mbele yao, mteja wa kweli, na wakati wa kuishughulikia bila kusubiri suluhisho la meli.

Maneno ya amri ndani ya Lua ni ya Kiingereza, ingawa waliyoyapanga huongea Kireno. Walijua dunia inasoma nini. Kitu kimoja tu hawakukubali kipotee. Wengi huandika LUA kwa herufi kubwa, kana kwamba ni kifupisho cha kitu fulani, na wenyewe huwarekebisha: ni jina, andika Lua. Mwezi, kwa Kireno.