Mwamba wa Jinja

Mji wa Jinja, katika nchi ya Uganda, umepata jina lake katika neno la wenyeji lenye maana ya jiwe. Mawe yaliyokusudiwa ni ile miamba iliyokingama mahali ambapo maji ya ziwa kuu hutoka na kuuanza Mto Naili. Jina limebaki, miamba haionekani tena.

John Hanning Speke alifika hapo tarehe 28 Julai 1862. Maporomoko hayo, ambayo kimo chake kilikuwa kama futi 12, aliyaita Ripon, kwa heshima ya bwana mmoja mkubwa wa Uingereza. Ziwa lenyewe alikuwa amekwisha kulipa jina la malkia wake, alipoliona kwa upande wa kusini mwaka wa 1858. Lakini mtoto huyo hakuwa hana jina. Waganda walimwita Nalubaale, Wajaluo Nam Lolwe, na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili wa Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, walimjua kwa jina la Ukerewe. Mmoja wao, Sheikh Snay bin Amir, ndiye aliyempa Speke na mwenziwe Burton habari za ziwa hilo kabla hawajalitia machoni. Nguzo ya ukumbusho iliyo katika ukingo wa magharibi wa mto ni ya Speke.

Mwaka wa 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua bwawa la Owen Falls, mwendo mfupi chini ya hapo. Mwamba ukavunjwa sehemu yake ili maji yapite kwa wepesi, na maporomoko yakazama.

Hasara haikuwa ya macho tu. Mwamba ule ulikuwa bawabu wa ziwa. Ziwa lilipojaa, uliruhusu maji mengi, lilipopungua, uliyabana, wala hapakuwa na mtu wa kuuamuru wala wa kuuhonga. Wahandisi walilifahamu jambo hilo. Wakachora mstari wa hesabu uonyeshao, kwa kila kimo cha ziwa, kiasi cha maji ambacho mwamba ungalipitisha, na ikakubaliwa na Misri kwamba milango ya bwawa ifunguliwe kwa kuufuata mstari huo. Misri ikamweka mhandisi wake Jinja ashuhudie. Hivyo jiwe lililoondolewa likaendelea kutawala kutoka katika karatasi, na kwa miaka mingi lilitiiwa.

Karatasi, hata hivyo, haina ugumu wa jiwe. Bwawa la pili, Kiira, lilipojengwa kando ya lile la kwanza, haja ya umeme ilizidi, na katika miaka ya 2004 na 2005 maji yaliyotolewa yalipita kadiri ya mstari. Ukame nao ulikuwapo, na ukapewa lawama yote. Waliopiga hesabu waliona kwamba karibu nusu ya upungufu ilitoka katika milango. Mwaka wa 2006 ziwa lilishuka hadi kimo ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya miaka 80, na wavuvi wa Tanzania na Kenya, ambao hawakuwa na ufunguo wa mlango wowote, waliyafuata maji yaliyokimbia pwani zao.

Mei 2020 mvua zikalijaza ziwa kupita hata kimo cha mwaka wa 1964, na nyumba za ukingoni zikafurika. Bwawa la Owen Falls siku hizi huitwa Nalubaale.