Msuguano

Nomino msuguano imetokana na kitenzi sugua kupitia umbo la kutendana, suguana. Umbo hilo linastahili kuangaliwa vizuri, kwa kuwa limebeba ukweli wa kifizikia: hakuna kitu kinachosugua peke yake. Soli ya kiatu inapoisukuma lami nyuma, lami nayo huisukuma soli mbele kwa kani iliyo sawa, na mtu akasonga.

Katika fizikia, msuguano ni kani inayopinga kuteleza kwa nyuso mbili zilizogusana. Kabati zito husumbua zaidi kulianzisha kuliko kuliendeleza, maana kwa kawaida msuguano tuli huzidi msuguano mwendo. Mwaka 1699 Mfaransa Guillaume Amontons alieleza kuwa kani hii huongezeka kadiri nyuso zinavyokandamizwa, wala haitegemei upana wa eneo linalogusana. Ndiyo maana tofali likiburutwa kwa ubapa au kwa ubavu, nguvu inayohitajika hukaribiana sana, jambo ambalo wengi hulikataa mpaka walijaribu.

Msuguano hulaumiwa kupita haki yake. Ni kweli hula bushi na beringi, na oili hutiwa ili kuupunguza. Lakini ndio unaoshika fundo la kamba na msumari ukutani, unaowasha njiti ya kiberiti na unaofanya breki zishike. Tairi kipara kwenye lami yenye maji huukosa, na gari halisimami linapotakiwa.

Jamaa wa neno hili ni sugu, ile ngozi ngumu ya kiganja cha mshika jembe.