Reli na Mshangao: Historia ya Mstari wa Kwanza wa Skripti

Kuiamuru kompyuta kwa alama zinazochapwa si jambo geni Magoma, chini ya Milima ya Usambara, kwani tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza Tanzania mwaka 2008, watu wa huko, kama wa kwingineko nchini, wamezoea kubonyeza nyota, 150, nyota, sufuri mbili na reli ili fedha zihame. Desturi ya kuamuru kwa maandishi, hata hivyo, ni ya zamani zaidi, na kiini chake ni skripti, yaani faili la maandishi ambamo amri zimepangwa kwa mfuatano ili zitekelezwe bila mtu kuzichapa upya moja baada ya nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mfaransa Louis Pouzin, akiwa MIT nchini Marekani, alitunga RUNCOM, programu iliyosoma amri kutoka kwenye faili. Wazo hilo lilikomaa ndani ya Unix, mfumo endeshi ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell mwaka 1969, na hasa mwaka 1979, lugha ya amri ya Stephen Bourne ilipotolewa ikiwa na masharti na marudio ya programu kamili. Lilibaki swali moja: mfumo ungejuaje faili limeandikwa kwa lugha ipi? Januari 1980 Ritchie alieleza jibu lake, ambalo kwa wepesi wake linastahili kusifiwa hadi leo. Faili likianza kwa reli na alama ya mshangao, mfumo husoma maneno yanayofuata, kwa mfano /bin/sh, ukaita programu ya kufasiri iliyotajwa hapo na kuikabidhi jina la faili hilo ilisome. Nayo, kwa kuwa katika lugha yake reli huanzisha maelezo yasiyotekelezwa, huuruka mstari huo na kuanza kazi kwenye unaofuata.

Ubunifu huo ulitokea wakati milango ya Tanzania imefungwa. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, na marufuku hayo hayakulegezwa hadi miaka ya 1980. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na kwa hilo uamuzi unaeleweka. Hasara yake kubwa, hata hivyo, haikuwa mashine bali watu, maana stadi ya kuandika amri hupatikana kwa kukaa mbele ya kompyuta na kukosea mara nyingi. Pengo hilo lilizibwa polepole: kikoa cha .tz kilisajiliwa mwaka 1995, na mwaka 2011 Dar es Salaam ikawa mwenyeji wa mafunzo ya AfNOG, kundi la waendeshaji wa mitandao barani Afrika, ambako wahandisi wa mitandao kutoka nchi mbalimbali za Afrika walijifunza kusimamia seva za Unix kwa kuchapa amri wenyewe.