Reli Iliyoteremka Kati ya Mji na Raskazone

Toka mjini Tanga uelekee Raskazone, kwa miguu au juu ya baiskeli kama ilivyo desturi ya mji huu. Bahari utakuwa nayo mkono wa kushoto, na Bombo utaipita njiani, na lile jengo kuukuu la hospitali ya Wajerumani juu ya jabali. Ukifika ufukweni umesimama mahali ambapo Novemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza, walishuka wanajeshi wa Uingereza wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken, waje kuuchukua mji wa Wajerumani uliokuja kulindwa na watu kama 1,000. Walishindwa. Muulize mtu yeyote sababu, atakwambia nyuki.

Nyuki walikuwepo, na waliuma bila kuchagua bendera. Lakini sifa wanayopewa imezidi. Ukitaka kujua Tanga iliponaje siku zile, tazama ramani ya reli.

Reli yenyewe ilianza kutandikwa hapa mwaka 1893, na kampuni ya Kijerumani iliyokuwa na haraka ya kufika Usambara na fedha kidogo za kufikia. Ilifika Muheza mwaka 1896, kilomita 40 tu, ikaishiwa. Serikali ya kikoloni ikainunua mwaka 1899 na kuisukuma mbele polepole: Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18. Upana wa njia ulikuwa mita moja. Kuna wakati kijito kimoja cha msimu wa mvua kingeweza kuisimamisha kazi yote.

Kule London, treni za chini ya ardhi zilikuwa zimekamilisha mzunguko wao tangu 1884, zikifuatana gizani kwa ishara, moja ikiondoka nyingine inaingia. Tanga haikuwa na njia ya chini ya ardhi, ila ilikuwa na mahali ambapo reli inazama. Mji umekaa juu ya jabali na gati liko chini, usawa wa maji. Garimoshi halina magoti ya kuteremkia ngazi, linataka mteremko mrefu na wa taratibu. Basi njia ilitoka stesheni, upande wa kusini, ikauzunguka mji kwa mashariki, ikapasua ardhi na kushuka hadi bandarini ndani ya mtaro mrefu wenye kingo za udongo. Watu walivuka juu yake kwa madaraja. Aliyeuchimba aliwaza mizigo ya mkonge na kahawa. Hakuwaza kwamba amechimba handaki la vita, tena upande uleule ambao adui angetokea: kati ya mji na Raskazone.

Jambo la pili ni hesabu ya njia moja. Penye njia moja treni mbili haziwezi kupishana popote, isipokuwa kituoni kwenye njia ya pembeni, ile ambayo watu wa reli huiita lupu. Moja huingia pembeni na kusubiri, nyingine hupita. Kabla treni haijaondoka, kituo hiki huuliza kile cha mbele kama njia ni nyeupe, na dereva haondoki mpaka apate kibali. Ni kazi ya ukarani zaidi kuliko ya moto na mvuke, na ndiyo inayozuia vichwa viwili kukutana uso kwa uso porini. Nayo ina gharama yake: muda. Ukizidisha treni, lupu zinajaa, na kila mmoja anamsubiri mwenzake.

Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa amekusanya jeshi lake upande wa Moshi. Katika kumbukumbu zake ameeleza kwamba njia nzima ilikuwa na vichwa vinane tu. Gawanya 352 kwa nane: kichwa kimoja kwa kila kilomita 44. Treni moja iliweza kubeba kombania moja na mizigo yake, au kombania mbili bila mizigo wala wapagazi. Kwa hiyo jeshi halikuweza kushuka pwani kwa mkupuo. Lilikuja kwa vipande, kombania baada ya kombania, na kila kipande kilihitaji njia nyeupe mbele yake.

Muda walipewa bure. Asubuhi ya Novemba 2 manowari ya Kiingereza, Fox, iliingia, na nahodha wake akautaka mji ujisalimishe. Afisa wa wilaya, Auracher, akaomba nafasi ya kushauriana na wakubwa wake. Waingereza wakaenda kusaka mabomu waliyodhani yametegwa majini, wakarudi na meli zao, wakaanza kushusha watu Raskazone usiku. Saa zote hizo habari zilikuwa zimekwisha kupanda Moshi kwa waya na treni zinashuka. Novemba 3 vikosi vya kwanza vya Waingereza vilisogea kuelekea mjini, vikakuta wenyeji wao wameongezeka, vikarudishwa nyuma.

Lettow mwenyewe aliteremka usiku wa kuamkia Novemba 4, kilomita chache magharibi ya mji. Akapanda baiskeli na wenzake wachache, wakapita mitaa isiyo na mtu mpaka bandarini, wakaziona meli zinawaka taa. Wakaendelea hadi Raskazone. Baiskeli waliziegesha hospitalini, wakashuka ufukweni kwa miguu, mbele yao manowari imetia nanga. Wakati wa kurudi mlinzi wa Kihindi aliwapigia ukelele wasiouelewa, na kiza kikawafunika. Kamanda anakwenda kumchungulia adui kwa baiskeli: Mtanga gani atashangaa?

Mchana wake Waingereza walikuja wote, kupitia vichaka na mashamba, jua kali, mistari ikikatika. Baadhi yao waliuvuka mtaro wa reli na kupigana mpaka ndani ya mji, karibu na forodha. Wengi zaidi waliishia kwenye mtaro ule na mbele yake, maana aliyeko ng'ambo anakuona unavyoshuka ukingo mmoja na kupanda mwingine, na bunduki ya mtombo haihitaji zaidi ya hapo. Nyuki walifumuka wakati huo. Kisha kombania zilizoletwa na treni zikazunguka upande wa kusini na kuwasukuma wavamizi kurudi baharini. Novemba 5 walipanda meli, wakaacha nyuma bunduki, simu za vitani na risasi zipatazo 600,000.

Tanga ilitwaliwa Julai 1916.

Waingereza waliifikisha reli Arusha mwaka 1929. Mjini, njia ya treni ikabaki kuwa mpaka: huku majengo ya serikali na maduka, kule Ngamiani na barabara zake za namba, na mpaka leo mtu anakuelekeza kwa kusema vuka reli. Mwaka 1963 kipande cha kutoka Ruvu hadi Mnyusi kiliiunga njia ya Tanga na Reli ya Kati, na kwa kuwa zote mbili ni za mita moja, mabehewa yalipita bila kupakuliwa. Desemba 2019 treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirudi kwa njia hiyo baada ya kimya cha miaka mingi. Inapofika Mnyusi inakata kushoto kwenda Korogwe. Msafiri wa Tanga anashuka Korogwe na kutafuta basi.