Chakula Kwanza, Bakteria Baadaye: Wahadzabe, Unga wa Kukoboa na Sera ya Unene Tanzania

Utangulizi

Mjadala wa unene nchini mwetu unaongozwa na madai mawili ambayo makala hii inayapinga. La kwanza ni la kisera: watu wananenepa kwa kuwa wamebweteka. Desemba 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alielekeza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi, na wito huo umezoeleka. Dai la pili linatoka katika maabara za ng'ambo: Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi wamehifadhi bakteria wa utumbo ambao mataifa tajiri yamewapoteza, hivyo tiba ya unene na kisukari ni kuwarejesha bakteria hao.

Ninachodai ni kwamba bakteria wa utumbo hufuata chakula. Ni wapokezi wanaosafirisha athari za mlo hadi kwenye damu, ini na mafuta ya mwili. Sera inayotaka kuwatumia lazima ianzie jikoni, shambani na kwenye mashine ya kusaga. Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, inatuonyesha jambo hili kwa karibu. Ndani ya wilaya hiyo kuna Munguli, kijiji cha Wahadzabe. Kuna wakulima wa Kinyiramba na Kinyisanzu waliolelewa kwa ugali wa uwele na mtama. Na kuna mji mdogo unaokua, wenye sembe, maandazi, chipsi na soda.

Tatizo lenyewe halina ubishi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza ulikuta 26% ya watu wazima wana uzito uliozidi, na takriban 9% wana kisukari. Miongoni mwa wanawake wa umri wa kuzaa, uzito uliozidi ulipanda kutoka 28% mwaka 2015/16 hadi 36% mwaka 2022.

Panapokubalika na panapobishaniwa

Wataalamu wanakubaliana juu ya mambo ya msingi. Mwili wa binadamu hauna vimeng'enya vya kuvunja nyuzinyuzi nyingi za nafaka, mizizi na mboga. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachua na kutoa asetati, propionati na butirati. Butirati hulisha seli za ukuta wa utumbo. Asidi hizo pia huchochea homoni za shibe, ikiwemo GLP-1. Nyuzinyuzi zikipungua, baadhi ya bakteria hugeukia ute unaoukinga ukuta huo, na kinga ya mwili huanza kuwaka polepole pasipo maambukizi. Denis Burkitt na Hugh Trowell, madaktari waliofanya kazi Uganda kwa miaka mingi, walikuwa wakihubiri umuhimu wa nyuzinyuzi tangu miaka ya 1970, kabla teknolojia ya kusoma jeni za bakteria haijapatikana.

Ugomvi unaanza pale bakteria wanapofanywa chanzo chenyewe. Mwaka 2006 timu ya Jeffrey Gordon huko Marekani ilionyesha kuwa panya wasio na vijidudu, wakipandikizwa bakteria wa panya wanene, huongeza mafuta mwilini. Hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba uwiano wa Firmicutes na Bacteroidetes, makundi mawili makuu ya bakteria wa utumbo, ni kipimo cha unene. Imani hiyo haijastahimili ukaguzi. Mwaka 2016 Marc Sze na Patrick Schloss waliunganisha takwimu za tafiti kadhaa za binadamu wakakuta uhusiano dhaifu mno, na tafiti nyingi zilikuwa na washiriki wachache kuliko inavyohitajika. Vidonge navyo havikuiokoa: majaribio mawili yaliyofanyika Boston na kuchapishwa mwaka 2020 yaliwapa watu wanene bakteria kutoka kwa watu wembamba, na uzito haukupungua. Kilichofanya kazi kwa panya aliyefungiwa kwenye kizimba safi hakikufanya kazi kwa mtu anayeendelea kula kama jana.

Ushahidi wa majira

Ushahidi ninaoupa uzito kuliko wote umetoka kwa Wahadzabe wenyewe. Utafiti wa kwanza mkubwa, ulioongozwa na Stephanie Schnorr mwaka 2014, ulilinganisha Wahadzabe 27 na Waitaliano 16 wa Bologna. Wahadzabe walikuwa na aina nyingi zaidi za bakteria, na wanawake walitofautiana na wanaume, jambo ambalo watafiti walilihusisha na mgawanyo wa kazi na chakula: wanawake huchimba na kula mizizi zaidi. Mwaka 2023 uchunguzi mwingine ulikadiria kuwa Mhadzabe wa wastani ana spishi 730 tumboni, na mkazi wa California 277. Takwimu hizi ndizo zinazozalisha lugha ya "hazina inayotoweka". Lugha hiyo ilikwisha kuzalisha na vitendo: mwaka 2014 mtafiti mmoja Mmarekani alijipandikiza kinyesi cha Mhadzabe.

Lakini utafiti wa mwaka 2017 wa Samuel Smits na wenzake, uliochapishwa katika jarida la Science, unaeleza habari nyingine. Walikusanya sampuli 350 kutoka kwa Wahadzabe 188 katika muda wa takriban mwaka mzima. Kiangazi, nyama huwa nyingi na mizizi huendelea kuliwa. Masika, asali na matunda pori huchukua nafasi. Bakteria walibadilika pamoja na mlo. Baadhi ya familia, ikiwemo Prevotellaceae, zilififia masika hata zisionekane kwenye vipimo, kisha zikarejea kiangazi kilichofuata. Tena familia hizo zinazokuja na kuondoka ndizo zilizo adimu katika miji ya viwanda.

Matokeo haya yanabeba hoja mbili. Kwanza, kutoonekana kwa bakteria si kutoweka. Chakula kilipobadilika walirudi bila kidonge. Pili, kama ukosefu wa bakteria hao ungekuwa ndio ugonjwa, Wahadzabe wangeanza kunenepa kila masika, tena wakiwa katika msimu wa asali. Hawanenepi. Kwa hiyo orodha ya spishi peke yake haitabiri afya ya umetaboli. Kinachotabiri ni mlo mzima unaozilisha spishi hizo.

Na mazoezi je? Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nishati inayotumiwa na Wahadzabe. Wanaume walitembea zaidi ya kilomita 11 kwa siku. Hata hivyo, ukubwa wa mwili ukizingatiwa, jumla ya nishati waliyotumia ilikaribiana na ya Wamarekani na Wazungu wa mijini. Mazoezi huimarisha moyo na misuli, na anayeyahimiza yuko sahihi. Ila tofauti ya unene kati ya bonde la Yaeda, wanakoishi Wahadzabe, na Chicago haielezwi na miguu.

Ushahidi wa karibu zaidi na maisha ya Mtanzania wa kawaida umetoka Moshi. Mwaka 2025 Godfrey Temba na wenzake wa Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kilimanjaro (KCRI) na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi walichapisha jaribio lililohusisha wanaume 77. Wanavijiji waliohamishiwa mlo wa Kimagharibi kwa wiki 2 walipandisha viashiria vya kinga inayowaka. Watu wa mjini waliorudishwa kwenye vyakula vya asili vya Kilimanjaro walivishusha. Wiki 2 zilitosha.

Pingamizi

Pingamizi lenye nguvu limetoka kwa akina Sonnenburg wa Stanford, ambao mwaka 2016 walionyesha kwamba panya wakinyimwa nyuzinyuzi kizazi baada ya kizazi hupoteza baadhi ya bakteria moja kwa moja. Nalikubali, lakini linaunga mkono hoja yangu ya kuchukua hatua haraka: Mkalama bado ina wazee, mashamba na mbegu za uwele. Kulinda mlo sasa ni nafuu kuliko kununua bakteria kesho.

Pingamizi la pili ni la jikoni. Uwele wa zamani nao ulikobolewa kwenye kinu, kwa hiyo wito wa "kurudi kwa bibi" hautoshi. Kweli. Lakini kinu hakikung'arisha nafaka kwa kiwango cha mashine, na ugali ule ulisindikizwa na mlenda, kunde na mboga za porini. Tunachopaswa kuhesabu ni sahani nzima.

La tatu ni zito zaidi. Sumukuvu hujikusanya zaidi kwenye ganda na kiini cha mahindi, na kukoboa huipunguza. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, majirani zetu. Anayehubiri dona bila kuhubiri ukaushaji na ghala kavu anahatarisha watu. Ndiyo sababu ninapendelea mtama na uwele, vinavyostahimili ukame wa Singida na kwa kawaida kushambuliwa kidogo kuliko mahindi.

Hitimisho

Sidai kwamba ugali wa uwele unaponya kisukari, wala kwamba maisha ya Wahadzabe ni ya kuigwa kwa ujumla wake. Vifo vya watoto wao ni vingi mno kwa mtu kusema hivyo. Ninadai kwamba mfuatano wa sababu unaanzia kwenye chakula, na fedha za sera zielekezwe huko. Halmashauri ya Mkalama inaweza kuanza na chakula cha shule: uji na ugali wa nafaka isiyokobolewa, iliyopimwa sumukuvu, pamoja na kunde. Watafiti nao walinganishe Munguli, vijiji vya wakulima, Nduguti na mji wa Singida kwa majira yote, na matokeo yarudishwe kwa waliotoa sampuli kwa lugha wanayoielewa.

Na lipo la mwisho ambalo wataalamu wa lishe hulikwepa. Mizizi, ubuyu na asali vinahitaji ardhi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Yaeda walipata hati za kimila za pamoja, na hati hizo zimelinda mlo uliozalisha maarifa haya yote. Wizara ya Afya ikiandika mkakati wake ujao wa magonjwa yasiyoambukiza, haki ya ardhi ya Wahadzabe iwekwe ndani yake kama kipengele cha lishe, na ipangiwe bajeti.