Kutoka Forodha ya Kaole hadi Mkataba wa Brussels

Mgeni anayefika Kaole, kilomita chache kusini mwa mji wa Bagamoyo, huonyeshwa magofu ya misikiti miwili, makaburi ya nguzo na mikoko iliyoziba bandari ya zamani. Mwaka 1958 mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapo, na tangu siku hizo Kaole imejulikana zaidi kwa mawe yake. Iko Kaole nyingine ambayo haisimuliwi sana: Kaole ya forodha. Kabla Bagamoyo haijaipita kwa umaarufu, Sayyid wa Unguja aliweka hapo liwali wake pamoja na kikosi kidogo cha askari wa Kibaluchi. Burton na Speke walipotaka kwenda bara kutafuta maziwa makuu, Juni 1857, walitua Kaole. Pembe za ndovu na sandarusi zilizoteremka kutoka bara zilipita kwenye mikono ya watoza ushuru wa pwani hii kabla ya kuvushwa kwenda Unguja.

Watoza ushuru hao hawakuwa watumishi wa serikali kwa maana ya leo. Sayyid Said, mtawala wa Unguja, alizikodisha forodha zake kwa tajiri mmoja, naye akalipa fedha kwa mkupuo kila mwaka kisha akajilipa kwa anachokusanya. Kwa miaka mingi kandarasi hiyo ilikuwa mikononi mwa nyumba ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wa Kihindi wenye asili ya Kutch. Kiwango cha ushuru nacho kiliamuliwa mbali na Kaole. Mkataba wa mwaka 1833 na Marekani uliweka asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingizwa na meli za Wamarekani. Waingereza walipata mkataba wao mwaka 1839, Wafaransa mwaka 1844. Said alifanikiwa katika jambo moja kubwa katika mazungumzo na Uingereza: Mrima, yaani pwani ya kuanzia upande wa Tanga hadi Kilwa, ilibaki chini ya ukiritimba wake kwa pembe na sandarusi. Mfanyabiashara wa Kiingereza alilazimika kuzinunua Unguja.

Mikataba yote hiyo ilihusu mali iliyopita Kaole. Hakuna hata mmoja uliojadiliwa na watu wa Kaole.

Haikuwa kwa sababu watu wa Mrima hawakuwa na vyombo vya kusemea. Majumbe wa Kishomvi, yaani viongozi wa miji ya Mrima, walikuwa na haki zao katika malipo ya misafara, na waliyajua mapatano tangu zamani. Masimulizi ya pwani yanaeleza jinsi Washomvi walivyomwita Pazi Kilama, kiongozi wa Wazaramo, awasaidie kuwafukuza Wakamba, na jinsi walivyokubali kumlipa kila mwaka kile kilichoitwa kanda la Pazi. Hayo yalikuwa makubaliano ya kisiasa na ya kiuchumi kwa pamoja: ulinzi kwa malipo, kati ya jamii mbili zilizojuana. Walioketi Unguja kuandikiana na mabalozi wa Ulaya waliyaona mambo ya namna hiyo kuwa ya kienyeji, hayastahili kuingia kwenye karatasi.

Gharama ya dharau hiyo ilionekana mwaka 1888. Tarehe 28 Aprili, Sultani Khalifa bin Said, aliyekuwa hajamaliza hata miezi miwili madarakani, aliikodisha pwani ya kuanzia Mto Umba hadi Ruvuma kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Tarehe 16 Agosti kampuni ilianza kushika forodha na utawala. Maofisa wake walikuja na bendera, amri na madai ya kusajili mali. Pangani iliwaka kwanza, kisha pwani yote ikafuata. Bagamoyo ilishambuliwa mwezi Septemba, na manowari ya Leipzig ikateremsha askari kuutetea mji kwa upande wa kampuni. Abushiri bin Salim al-Harthi aliongoza mapigano hadi aliponyongwa Pangani Desemba 1889. Bwana Heri alishikilia Saadani, kaskazini mwa Bagamoyo. Waliopigana walikuwa watu wa aina nyingi, wakiwamo majumbe, waungwana, watumwa na wapagazi wa misafara, na kila kundi lilikuwa na lake la kutetea. Jambo lililowaunganisha ni kwamba maisha yao yalikuwa yameuzwa kwa saini ambayo wao hawakuiona. Kampuni ilishindwa kutawala, na serikali ya Ujerumani ikalazimika kumtuma Hermann Wissmann na jeshi.

Zaidi ya miaka arobaini ilipita kabla ya sauti ya Mwafrika wa Tanganyika kusikilizwa rasmi juu ya suala la namna hii. Safari hii hoja ilikuwa muungano. Waingereza walitaka kuzifunga pamoja Kenya, Uganda na Tanganyika, na walowezi wa Kenya walitarajia kuwa wenye usukani. Wakati huo vyama vilikuwa vimeanza kuota. Martin Kayamba alianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika mjini Tanga mwaka 1922, kikiwaweka pamoja Waislamu na Wakristo. African Association ilifuata Dar es Salaam mwaka 1929. Mwaka 1931 kamati ya Bunge la Uingereza iliita mashahidi London. Kutoka Tanganyika walikwenda Kayamba mwenyewe, Francis Lwamgira wa Bukoba na Makwaia wa Shinyanga. Uganda ilimpeleka Serwano Kulubya, na kutoka Kenya alikuwemo Koinange wa Mbiyu.

Ni kweli kwamba serikali ndiyo iliyowachagua mashahidi wa Tanganyika, wala hawakupigiwa kura na chama chochote. Hata hivyo waliyoyasema yalilingana na hofu iliyokuwa imeenea: kuunganishwa na Kenya kungeleta sheria za walowezi juu ya ardhi na kazi. Kamati iliamua kwamba wakati wa muungano haujafika. Sababu zilikuwa nyingi, na mdororo wa uchumi wa dunia haukuwa mdogo miongoni mwazo, lakini ushahidi wa Waafrika uliingia kwenye kumbukumbu za Bunge la London na hakuna aliyeweza kudai tena kwamba hawana maoni.

Mtangamano ulirudi baada ya uhuru. Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki, iliyozaliwa mwaka 1967, ilikuwa kazi ya marais watatu na mashirika ya umma. Ilipovunjika mwaka 1977 mwananchi hakuwa na mahali pa kupeleka neno lake. Waandishi wa mkataba mpya wa Jumuiya, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, walilikiri hilo wazi. Utangulizi wa mkataba unataja, miongoni mwa sababu za kuvunjika, kukosekana kwa ushiriki wa nguvu wa sekta binafsi na asasi za kiraia. Ndiyo maana Ibara ya 127 inazungumzia asasi hizo, na Ibara ya 30 inampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama haki ya kwenda Mahakama ya Afrika Mashariki kupinga sheria au uamuzi wa serikali unaokiuka mkataba. Hahitaji kwanza kumaliza ngazi zote za mahakama za nyumbani. Anahitaji kuwahi, kwa kuwa muda ni miezi miwili tu.

Mlango huo ulitumika haraka. Mwaka 2006 kundi lililoongozwa na Anyang' Nyong'o lilipinga jinsi Kenya ilivyowapata wabunge wake wa Bunge la Afrika Mashariki, na mahakama ikazuia wabunge hao wasiapishwe. Marais walijibu kwa kuurekebisha mkataba wenyewe, kwa haraka ya kutisha. Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki kikaenda mahakamani, na mwaka 2008 majaji wakasema kubadili mkataba bila kuwashirikisha wananchi kunakwenda kinyume na mkataba huo huo. Mwaka 2014 shirika la kutetea wanyama kutoka Nairobi lilipata hukumu dhidi ya mpango wa barabara ya lami kukatiza Serengeti kaskazini. Mwaka 2019 ikawa zamu ya Baraza la Habari Tanzania na wenzake kuhusu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Hukumu hizo hazitekelezwi zote kama zilivyoandikwa. Lakini zimeondoa ile dhana kwamba mtangamano ni shughuli ya ikulu peke yake.

Ulaya ilirudi mlangoni kwa jina la Mkataba wa Ubia wa Kiuchumi, unaojulikana kwa kifupi EPA. Rasimu yake iliitaka Jumuiya ifungue asilimia 82.6 ya thamani ya bidhaa zinazotoka Umoja wa Ulaya, hatua kwa hatua kwa miaka 25, ili nayo iuze Ulaya bila ushuru. Kwa Kenya hoja ilikuwa nzito, maana haimo kwenye orodha ya nchi maskini zaidi duniani. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zilikuwa tayari zinauza bila ushuru kupitia mpango wa Ulaya wa mwaka 2001 wa kila kitu isipokuwa silaha.

Hapa ndipo asasi zilipofanya kazi ambayo wizara hazikuifanya: kuusoma mkataba kifungu kwa kifungu na kuueleza kwa mkulima. SEATINI, taasisi iliyoanzishwa na Yash Tandon wa Uganda baada ya mkutano wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Singapore mwaka 1996, ilifundisha wabunge na waandishi wa habari. Jukwaa la wakulima wadogo wa Kenya lilifungua kesi Nairobi mwaka 2007, na Oktoba 2013 Mahakama Kuu ikaiagiza serikali iwashirikishe wadau, wakiwamo wakulima hao, na iwape wananchi taarifa. Wakati huo huo wakuzaji maua wa Naivasha walishinikiza kinyume chake. Oktoba 2014 Kenya ilipoondolewa kwenye soko la Ulaya lisilo na ushuru kwa karibu miezi mitatu, maua yao yalianza kutozwa ushuru, na ajira za maelfu ya wafanyakazi zikawa hatarini. Nao walikuwa wananchi waliojipanga. Anayezisifu asasi kana kwamba zina kauli moja hajaziangalia vizuri.

Tanzania ilitangaza Julai 2016 kwamba haitasaini. Benjamin Mkapa, rais mstaafu, aliandika magazetini akieleza kwamba viwanda vichanga vya nchi havitahimili bidhaa za Ulaya. Hoja hizo asasi zilikuwa zikizirudia kwa miaka karibu kumi. Novemba mwaka huo, baada ya wabunge kusikiliza uchambuzi wa wanazuoni, Bunge la Dodoma likaupinga mkataba. Kenya na Rwanda zilikuwa zimeshasaini Brussels tarehe 1 Septemba. Mkataba wa Jumuiya nzima ukakwama.

Huko Ulaya mambo kama haya yamechukua sura nyingine. Montenegro ilipoanza mazungumzo ya kujiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2012, iliwaingiza wawakilishi wa asasi ndani ya vikundi kazi vya serikali, wakaketi pamoja na maofisa sura kwa sura. Ukraine ilikwenda njia ya mtaani: serikali iliposimamisha saini ya mkataba na Ulaya Novemba 2013, watu walijaa uwanja wa Kyiv hadi rais akakimbia, na mkataba ukasainiwa mwaka 2014. Afrika Mashariki ina kitu cha kujifunza zaidi Montenegro, kwa sababu huko asasi ziliingia kabla ya rasimu kukauka wino.

Udhaifu mkubwa wa asasi zetu ni fedha. Nyingi zilizoipinga EPA ziliishi kwa misaada ya wafadhili, na baadhi ya wafadhili hao ni Wazungu. Serikali zimelitumia hilo kuzinyamazisha, na si hoja ya kupuuzwa. Chama cha wavuvi kinacholipiwa ada na wavuvi wenyewe kina uzito ambao ripoti nzuri iliyoandikwa hotelini Arusha haiwezi kuupata.

Tarehe 18 Desemba 2023 Kenya ilisaini peke yake mkataba wake na Umoja wa Ulaya mjini Nairobi, ukaanza kutumika Julai 2024, na nchi nyingine za Jumuiya zimeachiwa nafasi ya kujiunga. Tanzania ingali inauza kwa msamaha wa nchi maskini zaidi. Siku itakapotoka kwenye orodha hiyo, msamaha utakwisha baada ya kipindi cha mpito na mazungumzo na Brussels yatarudi. Wakulima wa mwani wa Mlingotini na wavuvi wa Mbegani, majirani wa Kaole, wana haki ya kuitwa kabla rasimu haijaandikwa, na vyama vyao vya ushirika vinafaa kuanza kuidai nafasi hiyo mapema, tangu kwenye halmashauri ya Bagamoyo.