Mkono wa Mchuaji, Ngoma ya Tehran, Ngazi ya Umeå

Anayepiga vyuma vya saruji uani kwao, au anayechuchumaa na mkoba wa mawe mgongoni, hukutana na maumivu ya aina mbili. Ya kwanza ni ya msuli, na siku mbili tatu yamekwisha. Ya pili hukaa pale msuli unaposhikana na mfupa: chini ya kilegesambwa, upande wa nje wa kiwiko, juu kidogo ya kisigino. Asubuhi pamekakamaa, mwili ukipata moto panalainika, kesho yake panauma kuliko jana. Hiyo ni kano. Msuli huzoea mzigo ndani ya wiki chache. Kano hupata damu kidogo na imefumwa kwa nyuzi za kolajeni, kwa hiyo huhitaji miezi. Kijana anayeongeza vyuma kila msuli unapomruhusu huiacha kano nyuma, na kano ndiyo inayolia.

Katika mwambao wetu jibu la kwanza ni mchuaji. Hupasha mafuta ya nazi au ya ufuta, pengine yametiwa karafuu, akapapasa mpaka apapate panapouma, kisha akachua kwa dole gumba. Karafuu ile ina kazi yake: ndani yake mna yujenoli, inayotia ganzi, na madaktari wa meno wameitumia kwa miaka mingi. Mafuta ya karafuu yamo pia katika Tiger Balm, dawa ya kuchua ya familia ya Aw iliyoanzia Rangoon na kuenea duniani kutokea Singapore. Joto, ganzi na mkono wa mtu anayekujali hupunguza maumivu kweli, na simwungi mkono anayemdharau mchuaji. Ila nafuu hiyo inatoka kwenye ngozi na mishipa ya fahamu. Kano yenyewe haijaongezewa nguvu.

Marekani walichukua njia iliyoonekana kuwa kinyume kabisa. Mwaka 1978 daktari Gabe Mirkin alieneza kanuni ya mapumziko, barafu, bendeji ya kubana na kuinua kiungo. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili huenda vikachelewesha kupona. Huku moto, kule baridi, lakini chini yake imani ni moja: kano inayouma itulizwe ikiwa imelala. Hapo ndipo ninapoona kosa la pande zote mbili.

Tofauti inaonekana kwa watu ambao hawakutenga tiba na zoezi. Wanamieleka wa akhara, yaani nyumba za mieleka, za Varanasi, India, huchuana mafuta kama sehemu ya ratiba yao pamoja na dandi na bethaki, yaani pushapu na kuchuchumaa kwa namna yao. Kwao kuchuliwa ni jambo la kila anayefanya mazoezi, hata asiye na maumivu.

Iran inanivutia zaidi. Katika zurkhaneh, nyumba za mazoezi ambazo desturi zake ziliingia katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2010, wanaume husimama katika shimo lenye pembe nane na kuzungusha mil, marungu mazito ya mbao, nyuma ya mabega. Juu ya jukwaa hukaa morshed akipiga ngoma, akigonga kengele na kuimba mashairi. Mwendo wa zoezi unatoka kwenye ngoma, wala mnyanyuaji hajiamulii mwenyewe. Mwaka 2016 Ebonie Rio na wenzake wa Australia walitoa hoja kwamba kano ikiuma kwa muda mrefu, ubongo nao hubadili namna unavyoamrisha msuli. Walipendekeza mgonjwa anyanyue akifuata mdundo wa nje, mfano wa metronomu, ili amri hiyo inyooke tena. Sisemi wazee wa Tehran waliijua sayansi hiyo. Nasema desturi yao ilihifadhi kitu ambacho gym nyingi za leo zimekipoteza: kunyanyua kwa mwendo usiotokana na haraka ya mnyanyuaji. Anayefanya mazoezi peke yake chumbani anaweza kupata mdundo huo kwenye simu bila gharama.

China nayo ina mabu, kuchuchumaa nusu na kubaki hivyo hivyo mapaja yakitetemeka. Mwaka 2015 Rio huyo huyo aliwajaribu wachezaji wa voliboli wenye maumivu ya kano ya goti kwa zoezi la kukaza msuli bila kusogea, sekunde 45, mara 5. Maumivu yalipungua kwa angalau dakika 45. Walikuwa wachezaji 6 tu, na majaribio ya baadaye hayakutoa matokeo yenye nguvu sawa kwa kila mtu, lakini kwa wa nyumbani kujaribu ni rahisi: egemea ukuta, shuka kiasi, kaa hapo.

Umeå, Sweden, ndiko nilikopata jibu linalofika kwenye kano. Daktari mpasuaji Håkan Alfredson alikuwa na maumivu ya kano ya kisigino, na husimulia kwamba mkubwa wake wa kazi alikataa kumpasua. Akaamua kuitwisha kano ile mzigo mpaka ikatike, ili upasuaji usiepukike. Badala ya kukatika, ikapona. Mwaka 1998 alichapisha matokeo ya wakimbiaji 15: simama kwenye ukingo wa ngazi, panda kwa mguu mzima, shusha kisigino polepole kwa mguu unaouma. Mizunguko 3 ya mara 15, goti likiwa limenyooka na kisha limekunjwa, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Jumla ni mara 180 kwa siku. Mwili ukizoea, mkoba wenye uzito unaongezwa mgongoni. Wote 15 walirudi kukimbia.

Wadenmaki waliendeleza kazi hiyo. Mwaka 2009 Mads Kongsgaard na wenzake walionyesha kwamba kunyanyua mzigo mzito polepole, sekunde 3 kupanda na 3 kushuka, siku 3 tu kwa wiki, kuliisaidia kano ya goti. Waliodungwa sindano ya steroidi walifurahi mwanzoni, kisha miezi 6 baadaye wakawa nyuma ya wenzao.

Kwa hiyo mpe mchuaji nafasi yake: kabla ya zoezi, ili maumivu yakuachie uanze. Baada ya hapo, mzigo. Punguza uzito, usiache kabisa. Nyanyua na ushushe kwa jumla ya sekunde 6. Maumivu kidogo yanavumilika, mradi asubuhi yasiwe makali kuliko jana. Ongeza baada ya wiki, si baada ya siku.

Na kabla ya yote, kumbuka dawa ulizomeza. Siprofloksasini, antibiotiki ambayo wengi huinunua dukani bila cheti, inaweza kudhoofisha kano hata ikatike; mwaka 2008 Marekani ilitaka onyo kali zaidi liandikwe kuhusu hatari hiyo. Ukiwa umeimeza, usinyanyue kizito, na mwambie daktari ukianza kuumwa. Ukisikia mlio kisiginoni kisha mguu ukakosa nguvu ya kukanyagia vidole, usikubali mtu yeyote auchue. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.